Hesabu ya Maji: The Flight of the Phoenix kwa Jicho la Fundi

Filamu nyingi za watu waliokwama jangwani hutisha kwa nyoka, dhoruba na midomo iliyopasuka. The Flight of the Phoenix, iliyoongozwa na Robert Aldrich na kutoka mwishoni mwa 1965, inatisha kwa hesabu. Maji ni kiasi fulani, watu ni 12, kazi ni nzito, na jua halimsubiri mtu. Karibu kila wanachofanya wahusika unaweza kukichukua, ukakipima na kuuliza: kweli hili lingewezekana? James Stewart na Hardy Krüger wamesifiwa sana kwa uigizaji wao, na ni haki yao. Mimi ninaipenda zaidi kwa sababu inaheshimu vitu: bolti, fataki ya kuwashia injini, kikombe cha maji. Nitaipitia kwa upande huo, na nitasimulia mpaka mwisho, kwa hiyo asiyeitazama aitazame kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndege ya mizigo aina ya Fairchild C-82, yenye injini mbili na mihimili miwili mirefu ya mkia iliyounganishwa kwa nyuma, inatoka Jaghbub nchini Libya kwenda Benghazi. Imebeba wafanyakazi wa visima vya mafuta, askari wawili wa Kiingereza, daktari, na kijana Mjerumani mwenye miwani aitwaye Heinrich Dorfmann. Dhoruba ya mchanga inawakuta angani, injini zinazimika, na rubani Frank Towns anaishusha ndege kwa tumbo kwenye mchanga. Walikuwa 14. Wawili wanakufa palepale (waigizaji hao wawili walikuwa mtoto wa Aldrich mwenyewe na mkwewe), na wa tatu mguu wake umesagika. Redio imekufa. Chakula kipo, tena kingi: shehena ya tende. Maji ndiyo haba, ya siku kumi na kitu kwa mgao mdogo.

Kuna jambo moja la mwanzoni ambalo watazamaji wengi hulipita bila kulipa uzito, nalo ndilo linalobeba filamu nzima: dhoruba imewasukuma mbali na njia yao. Watakaowatafuta watapita kwenye mstari ambao ndege ilitarajiwa kuwepo, na wao hawapo kwenye mstari huo. Kanuni ya kwanza jangwani, ile inayofundishwa kila mahali, ni kukaa na chombo chako, kwa kuwa ndege au gari huonekana kirahisi kuliko mtu. Kanuni hiyo inategemea kuwa kuna mtu anayetafuta mahali panapohusika. Ukiliondoa sharti hilo, njia zinazobaki ni tatu na zote mbaya: kukaa, kutembea, au kutengeneza kitu kitakachowatoa. Filamu inaijaribu kila mojawapo, na kila mojawapo ina kisa cha kweli cha kuilinganisha nacho.

Kabla ya njia, tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo saa ya filamu hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, E. F. Adolph na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwapima askari kwenye jangwa la California, na kitabu chao kilitoka 1947. Ndani yake kuna jedwali ambalo mpaka leo ndilo msingi wa mafunzo ya kunusurika jangwani. Linatoa makadirio ya siku ambazo mtu ataishi kwa kufuata joto la juu la mchana kivulini na maji aliyonayo, akiwa ametulia tu kivulini. Kwenye joto la nyuzi 49 bila maji, siku 2. Kwenye 38 bila maji, siku 5. Ukiwa na lita 3.8 kwenye joto hilohilo la 38, siku 7. Ukiwa na lita 9.5, siku 9 na nusu. Joto likishuka hadi 32, lita 3.8 zinakufikisha siku 10 na nusu.

Sasa chukua mgao wa filamu. Tuseme kila mtu anapata nusu lita kwa siku kwa siku 10: jumla lita 5. Kwa joto la 32 jedwali linaikubali filamu bila ubishi. Kwa joto la 38 tayari wamekwisha kabla ya kufika siku ya nane. Na hesabu hizo ni za mtu aliyelala kivulini. Kwa anayetembea usiku mpaka achoke kisha apumzike, jedwali linapunguza: kwenye 38 bila maji anabaki na siku 3 badala ya 5, akiwa na lita 3.8 anabaki na siku 4 na nusu badala ya 7. Kukokota bawa la ndege hakuna nafuu kuliko kutembea. Uamuzi wangu ni kwamba filamu imewapa wahusika wake siku kadhaa za bure. Wangeweza kuifanya kazi ile katika majira ya baridi ya Libya, lakini si kwenye lile joto tunaloonyeshwa.

Ila wamepatia jambo kubwa zaidi: wanafanya kazi usiku. Mtu anayetembea juani kwenye joto la 38 anaweza kutoa jasho karibu lita 1 kwa saa. Akikaa kivulini bila kujishughulisha anatoa kama robo yake. Jasho ndilo linalotakiwa kubaniwa. Maji yenyewe, ukishakuwa na kiu, yanywe. Kuyabania kwenye chupa hakupunguzi kile ambacho mwili unapoteza, na kuna watu waliokutwa wamekufa jangwani chupa zao zikiwa na maji bado. Mwili ukipungukiwa na maji kwa asilimia 2 tu ya uzito wake, kazi inaanza kwenda kombo. Ikifika asilimia 10 mtu hawezi tena kujitegemea: anatembea akiyumba, anaongea yasiyoeleweka, anafanya maamuzi ya ajabu. Kwa hiyo ugomvi unaozidi kadiri filamu inavyosonga, watu kupigana kwa neno dogo, si chumvi ya mwandishi. Ndivyo kiu inavyofanya kazi kichwani kabla ya kuua.

Hapo ndipo lile tukio la wizi wa maji linapokuwa zito. Dorfmann anakamatwa akinywa zaidi ya mgao wake, na hakatai. Anajitetea kwa hesabu: anafanya kazi kuliko wengine, basi anapoteza maji kuliko wengine. Kifiziolojia yuko sahihi kabisa. Lakini kikundi kinachoishi kwa mgao kinasimama juu ya kuaminiana, na mgao ukishavunjwa kwa siri hakuna atakayevuta kamba usiku kwa moyo. Filamu haimpi mtazamaji jibu jepesi hapo, nami naona ndilo tukio bora kuliko yote.

Na tende je? Wengi hudhani utamu wake ungewamaliza kwa kiu. Kwa kweli kati ya vyakula ambavyo shehena ingeweza kuwa navyo, tende si mbaya. Kinachodai maji mengi ni protini, kwa kuwa taka zake lazima zitolewe kwa mkojo. Nyama ya kopo au samaki wa chumvi ndio wangewamaliza haraka. Tende ni sukari karibu tupu, protini ni kama asilimia 2. Katika miaka ya 1940 James Gamble, aliyekuwa akichunguza mgao wa manusura wa meli, alionyesha kwamba kiasi kidogo cha sukari kwa siku, kama gramu 100, kinaufanya mwili upoteze maji machache kuliko kukaa na njaa kabisa. Tende sita au saba kubwa zinafikisha kiasi hicho. Zaidi ya hapo, bila maji, ni kujitafutia kiu.

Njia ya kwanza wanayoijaribu ni kutembea. Kapteni Harris, askari wa kanuni, anaondoka na mtu mmoja kutafuta maji. Anarudi siku kadhaa baadaye peke yake, amekwisha. Asiyejua atasema filamu imemwonea askari. Aliye na shaka asome habari za ndege ya Marekani iliyoitwa Lady Be Good.

Ilikuwa B-24, ikaruka tarehe 4 Aprili 1943 kutoka Soluch, Libya, kwenda kushambulia Naples. Wakati wa kurudi usiku, walipita juu ya kambi yao bila kujua na kuendelea kusini, ndani ya jangwa. Waliomba mwelekeo kwa redio wakapewa, lakini kipimo cha enzi hizo kilionyesha mstari tu, hakikuonyesha kama ndege iko mbele ya kituo au imekwishakipita. Mafuta yalipoisha watu wote 9 waliruka kwa miavuli. Mmoja mwavuli wake haukufunguka sawasawa. Wanane waliobaki walikutana gizani na kuanza kutembea kuelekea kaskazini-magharibi, wakiamini bahari iko karibu. Ilikuwa zaidi ya kilomita 500.

Walikuwa na nusu chupa ya maji kwa watu wanane. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika kwenye shajara yake mgao wao: kifuniko kimoja cha chupa kwa siku. Kwa kiasi hicho walitembea zaidi ya kilomita 100, na shajara inafika tarehe 12 Aprili. Jedwali la Adolph lisingewapa siku zote hizo. Watano walikutwa pamoja mwaka 1960. Wawili walikutwa mbele zaidi, kila mmoja peke yake, makumi ya kilomita kutoka pale wenzao walipoishia nguvu.

Kinachouma ni ndege yenyewe. Baada ya wao kuruka, iliendelea kushuka peke yake na kutua kwa tumbo umbali wa kama kilomita 26 kusini yao. Watafuta mafuta waliiona kutoka angani 1958 na watu wakaifikia 1959. Ndani walikuta maji, chakula, na redio ambayo ilikuwa bado inafanya kazi. Wale watu walitembea kuipa mgongo. Hawakuwa na namna ya kujua, na siwalaumu, ila kisa hicho kinaonyesha bei ya kutembea bila kujua uko wapi. Hata kunyooka tu ni shida: mwaka 2009 Jan Souman na wenzake walichapisha majaribio, mengine yakiwa yamefanyika kwenye Sahara ya Tunisia, yaliyoonyesha kwamba mtu asipoona jua wala mwezi hupinda njia bila kujua, na anaweza kugeuka kabisa akidhani ananyooka.

Njia ya pili ni kukaa. Bill Lancaster, rubani Mwingereza, alianguka Sahara ya Algeria usiku wa tarehe 12 Aprili 1933 akijaribu kuvunja rekodi ya kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Aliumia kichwa, akawa na kama lita 9 za maji. Alifanya kila ambacho mwalimu yeyote angemwambia afanye: alikaa kivulini chini ya bawa, akapanga mgao, na usiku akachoma vipande vya kitambaa cha ndege vilivyolowekwa petroli ili aonekane. Alikufa siku ya nane. Lita 9.5, joto la 38, siku 9 na nusu, ndivyo jedwali linavyosema. Toa damu aliyopoteza. Mabaki yake na shajara yake vilikutwa na doria ya Wafaransa mwaka 1962. Hakukosea hatua yoyote pale chini. Waliomtafuta ndio hawakupita alipokuwa.

Kwa hiyo wazo la Dorfmann la kujenga ndege kutoka kwenye mabaki, linalosikika kama wazimu, lina mantiki wakati linapotolewa. C-82 ina muundo unaolisaidia. Kila injini imeshikana na mhimili wake wa mkia, kwa hiyo upande mmoja tayari ni kama ndege nyembamba isiyo na kiwiliwili: injini mbele, bawa, mhimili, mkia nyuma. Mpango ni kutupa kiwiliwili cha katikati, kubaki na injini ya kushoto na mhimili wake ambavyo havijaharibika, kisha kulihamisha bawa la kulia lije lifungwe upande wa pili wa injini hiyo. Rubani anakaa juu ya mhimili, nyuma ya injini. Wengine wanalala juu ya mabawa, nusu huku nusu kule.

Ugumu wa kwanza ni uzito. Injini ya Pratt & Whitney R-2800, yenye silinda 18 na nguvu farasi kama 2,100, ina uzito unaozidi tani moja. Hawaihamishi, inabaki mahali pake, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote katika mpango huo. Wanachohamisha ni bawa, kwa jeki, kamba, vipande vya chuma na migongo ya watu. Ugumu wa pili ni mizani. Kitovu cha uzito wa ndege lazima kiangukie karibu na robo ya kwanza ya upana wa bawa, ukihesabu kutoka ukingo wa mbele. Kikiwa mbele mno, pua haiinuki na ndege inamaliza mchanga wote bila kuruka. Kikiwa nyuma mno, inaruka, pua inapanda kupita kiasi, hewa inaacha kushika bawa na inaanguka. Watu saba, kila mmoja kilo 70 hivi, ni karibu nusu tani, kwa hiyo mahali anapolala kila mtu ni sehemu ya usanifu. Ukijisogeza nyuma nusu mita umeibadilisha ndege.

Kisha linakuja lile tukio ambapo Towns na msaidizi wake Moran wanagundua kuwa Dorfmann husanifu ndege za mfano, zile ndogo. Towns anakaribia kupasuka. Dorfmann anajibu bila kuona aibu yoyote: ndege ya mfano haina rubani wa kuirekebisha hewani, kwa hiyo lazima iwe imetulia yenyewe, na msanifu wake lazima ajue zaidi. Kanuni za mizani na utulivu kweli ni zilezile. Kinachobadilika ni uimara: ukikuza kitu mara mbili kila upande, eneo la bawa linaongezeka mara 4 lakini uzito unaongezeka mara 8. Bawa linaloshikiliwa na gundi kwenye mfano linataka bolti nene kwenye ndege ya kweli. Hofu ya Towns ilikuwa na msingi, ila aliielekeza pasipo.

Kama kuna anayeuliza iwapo mtu halisi amewahi kufanya kitu cha namna hiyo, yupo Emile Leray, Mfaransa aliyekwama kusini mwa Morocco mwaka 1993 baada ya gari lake aina ya Citroën 2CV kuvunjika. Alilifumua na kuunda pikipiki kwa siku 12, bila mashine ya kuchomelea wala ya kutobolea vyuma. Alidhani ingemchukua siku chache tu. Maji yalikuwa karibu kwisha alipotoka. Wapo wanaokitilia shaka kisa hicho, lakini pikipiki yenyewe ipo na imepigwa picha mara nyingi. Angalia pia makadirio yake yalivyokwenda: kazi ya jangwani huchukua mara kadhaa ya muda unaoupanga, kwa sababu saa za mchana hazifai na mikono inapoteza nguvu kila siku.

Tukio la kuwasha injini ndilo ninalorudia kulitazama. Injini inawashwa kwa kifaa cha Coffman: unaingiza fataki kubwa mfano wa risasi ya gobori, inalipuka, gesi yake inasukuma pistoni, na pistoni hiyo inazungusha injini mizunguko michache tu. Isiposhika, fataki imekwenda. Wana saba. Wanapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne: moshi, pangaboi linazunguka kidogo, linasimama. Towns anaamua kupiga inayofuata akiwa amezima umeme wa plagi, makusudi, injini isiwake. Dorfmann anapiga kelele. Kwake huo ni upotevu wa moja ya fataki za mwisho. Fataki inayofuata, injini inanguruma.

Alichofanya Towns ndicho fundi angekifanya. Ukijaribu kuwasha mara nyingi bila kufaulu, petroli inajaa kwenye silinda, plagi zinalowa na cheche haina cha kuunguza kwa kuwa hewa haitoshi. Kuizungusha injini ikiwa imezimwa umeme kunafukuza petroli ile na kuvuta hewa safi. Ila kuna kosa moja ambalo mafundi wa injini za aina hii hawalisamehi. Injini yenye silinda zilizopangwa duara, ikikaa siku nyingi, oili huchuruzika na kutuama kwenye silinda za chini. Ukiizungusha kwa nguvu ya fataki, pistoni inagonga oili ambayo haibonyei, na fimbo ya pistoni inapinda au silinda inapasuka. Kabla ya fataki ya kwanza, umeme ukiwa umezimwa, pangaboi lazima lizungushwe kwa mkono, panga baada ya panga, polepole. Likigoma, usilazimishe wala usilirudishe nyuma, maana oili itaingia kwenye bomba la hewa na kurudi baadaye. Unafungua plagi za silinda za chini, oili inamwagika, unafunga, ndipo unajaribu. Kwa injini iliyokaa mchangani zaidi ya wiki moja, kazi hiyo ya dakika chache ndiyo ingeamua kama kuna safari au hakuna.

Ndege iliyoruka mbele ya kamera haikuwa mabaki ya C-82. Iliitwa Tallmantz Phoenix P-1. Ilisanifiwa na Otto Timm na kujengwa na kampuni ya marubani Paul Mantz na Frank Tallman, kwa injini ya ndege ya mazoezi aina ya T-6 na mabawa ya ndege ya Beechcraft C-45. Tallman alikuwa ameumia mguu, kwa hiyo Mantz ndiye aliyeirusha. Tarehe 8 Julai 1965, kwenye mchanga wa Buttercup Valley karibu na Yuma, alikuwa akipita chini kugusa ardhi na kuinuka tena ili ionekane kama ndege inaondoka. Iligusa kwa kishindo, ikavunjika nyuma ya mabawa na kupinduka kifudifudi. Mantz alikufa; Bobby Rose, mwigizaji wa matukio ya hatari aliyekuwa nyuma yake, aliumia vibaya akapona. Picha zilizobaki zilimaliziwa kwa ndege nyingine, North American O-47, iliyofanywa ifanane. Ukitazama kwa makini dakika za mwisho utaiona: kiwiliwili chake ni kinene kuliko cha ile iliyotoka mchangani. Filamu inafungwa kwa maneno ya kumkumbuka Mantz.

Toleo la 2004, la Dennis Quaid, limehamishiwa Gobi ya Mongolia lakini lilipigwa picha Namibia. Mchanga wake unapendeza. Hesabu ya maji ndani yake imefifia, na pamoja nayo umefifia ule wasiwasi wa toleo la kwanza, kwa hiyo silirudii.

Kuna vitu filamu zote mbili zinaviruka. Mchana, kiwiliwili cha chuma ni tanuri. Kivuli kizuri ni kitambaa cha mwavuli kilichotandazwa chini ya bawa, kikiwa na nafasi ya upepo kupita. Mchanga wa juu unaweza kupita nyuzi 70, lakini ukiinuka nusu mita juu yake, au ukichimba kina hichohicho chini, joto linapungua sana. Na nguo hazivuliwi. Mtu anayevua shati juani anasikia nafuu ya dakika chache na kulipa kwa jasho la siku nzima. Kuhusu lile shimo la kufunikwa kwa nailoni ili kukusanya unyevu, lilielezwa na Ray Jackson na Cornelius van Bavel mwaka huohuo wa 1965. Linafanya kazi kwenye udongo wenye unyevu au ukijaza mimea. Kwenye mchanga mkavu, jasho la kuchimba linazidi maji utakayopata.

Wako Waswahili wanaoyahitaji haya zaidi ya sinema: madereva wa Marsabit wanaokatiza Chalbi kwenda North Horr, na jamaa zetu wa Oman wanaoingia kwenye mchanga mwishoni mwa wiki. Kwenye mchanga laini shusha upepo wa tairi hadi kama 15 hadi 18 psi na uwe na pampu ya kuurudisha, maana kwenda kasi na tairi laini kunalivua kwenye rimu. Chalbi ina shida ya kinyume chake: ikinyeshewa, ule uwanda mgumu unageuka tope, na gari linazama mpaka ekseli. Maji ya rejeta yenye kulanti usiyaguse hata kwa kiu ya kufa, yanaua figo. Fungua boneti ibaki wazi, kwani humwonyesha anayepita kwamba gari lina shida. Tairi la akiba likichomwa linatoa moshi mweusi unaoonekana mbali. Toa kwanza valvu ili lisipasuke. Kwa ndege, tandika mawe au nguo kwa umbo la V, kila mkono angalau mita 2 na nusu: maana yake mnahitaji msaada. X inamaanisha mnahitaji daktari.

Na kama uwezo upo, nunua kitoa ishara cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kinachosikilizwa na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo unaookoa watu tangu 1982. Vile vya zamani vya 121.5 MHz pekee havifai kununuliwa, setilaiti ziliacha kuvisikiliza Februari 2009. Ukishanunua, kisajili kabla ya safari, pamoja na namba ya simu ya mtu wa nyumbani anayejua njia utakayopita na siku ya kurudi, kwa sababu huyo ndiye atakayepigiwa kwanza.